Aubrey Fensome na Mahali pa Neno "Sana"

Padri, ndugu, jamaa, na ninyi nyote mliofika na mvua hii, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Aubrey Fensome, kama alivyomsimulia binti yake Loredana, ambaye ni mke wangu, kipande kwa kipande, katika miaka yake ya mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 mjini Kempston, karibu na Bedford, Uingereza, akiwa mtoto pekee wa Bwana Horace Fensome, mfanyakazi wa reli, na Bi Winifred. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kempston, akaendelea na sekondari Bedford, akatumikia jeshi miaka miwili, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1954. Alikuwa mtoto mkimya, aliyezoea kucheza karata peke yake, akigawa karata zake na za mpinzani asiyekuwepo, na ukimya huo alikua nao.

Septemba 1956 alianza kufundisha Kiingereza jioni kwa Waitaliano waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya matofali, na katika darasa hilo alimkuta Immacolata Petrella, mshonaji kutoka milima ya Molise, Italia, aliyemfuata kaka yake mchimba udongo. Kosa la darasa zima lilikuwa moja, nalo marehemu alilipigania maisha yake yote: kwa Kiitaliano ilikuwa kawaida kusema "napenda sana chai", lakini Mwingereza hakubali neno lolote likae katikati ya kitendo na kile kinachotendwa, yeye husema "napenda chai sana", na ukilichomeka hilo "sana" katikati utaeleweka, ila kila mtu atajua hukuzaliwa na Kiingereza. Marehemu aliwaeleza kwamba maneno mawili, "napenda" na "chai", yameshikana mikono, hakuna ruhusa ya kupita kati yao. Immacolata akauliza, "Sasa hilo la tatu, Mwalimu, litakaa nje na baridi hii?" Darasa likacheka, na yeye, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akacheka.

Walifunga ndoa tarehe 25 Aprili 1959, na tarehe 14 Novemba 1962 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Loredana. Ilikuwa nyumba ya amani, yenye chakula kizuri kuliko nyumba zote za mtaa ule, isipokuwa mwalimu hakuwahi kuliacha darasa shuleni, kila mkewe alipofungua mdomo mezani alimrekebisha, kwa upole, bila kupaza sauti, akiamini anampa kitu cha thamani.

Februari 1973 alifariki Bi Winifred, aliyempenda mkwewe kama mwanawe wa kumzaa, na kwenye mazishi Immacolata aliomba kusema machache, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Waingereza. Alisimama na koti lake jeusi alilolishona mwenyewe, akasema, "Mama alipenda sana watu." Mwalimu, akiwa kwenye kiti cha mbele, akasema kwa sauti ya chini iliyofika hadi nyuma, "Alipenda watu sana." Immacolata alimtazama kidogo, akasubiri kama mtu aliyesahau njia, kisha akaketi. Alichokuwa amekusudia kusema hakuna aliyekijua kamwe.

Tangu siku hiyo hakugomba wala hakuhama, alipika, alishona, alicheka na wenzake kanisani kwa Kiitaliano, lakini kwa mumewe Kiingereza chake kilibaki "ndiyo", "hapana", na "chakula tayari", maneno mafupi yasiyo na nafasi ya kukosea. Marehemu aliomba radhi mara nyingi, naye kila mara alijibu kwamba hana kinyongo, na huenda hakuwa nacho, ila sauti yake haikurudi. Binti alipoondoka kwenda chuo, walikaa wawili mezani wakisikiliza redio.

Marehemu alistaafu Julai 1991, na mwaka uliofuata, bila kumwambia mkewe, alianza kujifunza Kiitaliano kwenye ukumbi wa kanisa kwa wazee wa viwandani, ambao hawakumhurumia hata kidogo, mzee Carmine alimwambia, "Mwalimu, Kiitaliano chako kina matope mengi kuliko buti zangu," na walimcheka zaidi kwa sababu neno "sana" alilitupa mwisho wa sentensi, kule kule Kiingereza kilikomzoesha. Jumapili moja akiwa mezani alijikaza, akamwambia mkewe kwa Kiitaliano kwamba anapenda maharage haya sana. Immacolata aliweka kijiko chini. Marehemu alijua amekosea, akangoja kurekebishwa, hata alitamani, lakini mkewe alisema tu, "Nimekuelewa, Aubrey. Kula."

Kisha akaanza kuzungumza, kwa Kiitaliano, juu ya mama yake na theluji ya kwao, mpaka maharage yakapoa, na mumewe hakuelewa hata nusu, wala hakumkatiza.

Walizungumza hivyo hadi Bi Immacolata alipofariki ghafla tarehe 3 Juni 1994. Marehemu hakuoa tena, aliishi peke yake katika nyumba ile, na kila Alhamisi alikwenda kukaa na wale wazee, ambao mmoja baada ya mwingine walikwisha, mpaka ukumbi ukafungwa.

Mwaka 2015 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa. Siku moja Loredana alimuuliza kama kuna mtu amwite, akajibu, "Wote niliotaka kuzungumza nao wameshaondoka, mwanangu. Kaa wewe." Alikaa naye siku tatu, na alasiri ya tarehe 21 Januari 2016, binti yake akiwa ameenda nyumbani kubadili nguo, marehemu alifariki, pembeni yake pakiwa na kiti kitupu. Ameacha mtoto mmoja na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa zamani, wanafunzi wake waliofika leo na wajukuu zao, na jirani yake Bi Doreen Sharman, aliyekuwa akimgongea mlango kila asubuhi apate mtu wa kumwambia habari za asubuhi.

Lala salama, Mwalimu, Mungu akupe wa kuzungumza naye.