Ubeti wa Tatu wa Clell

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu nje ya kinyozi, pale Sorrel, Oklahoma, mji ambao ukipiga chafya ndani ya gari unakuta umeshaupita. Kila asubuhi Hattie wa mgahawani huwaletea wazee birika la kahawa nyeusi, nao humlipa kwa umbea. Wamebaki watatu. Jaji, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Kwato, aliyewapigilia farasi viatu maisha yake yote. Na Orville, wanayemwita Redio kwa sababu hasemi kitu. Wa nne, Clell Yarborough, mchunga ng'ombe aliyeimba kwenye sinema, alifariki Jumatatu, na nafasi yake kwenye benchi hakuna aliyethubutu kuikalia. Anazikwa kesho, na Orville ndiye atakayeimba kaburini, maana alimwahidi marehemu mwenyewe. Wimbo ni ule uliompa Clell jina. Orville anazijua beti mbili tangu ujana, lakini kwenye sinema Clell huvuta pumzi kama anayeingia ubeti wa tatu, na huo wa tatu Orville haujui. Usingizi umempaa. Kuuliza anaona aibu, kwa hiyo amekaa na kikombe chake akiomba mmoja wa hawa wapiga domo aropoke.

— Sauti ile, Jaji akaanza, ilimtoa zizini ikampeleka redioni Tulsa, ikamtoa Tulsa ikamfikisha Hollywood. Kofia nyeupe, farasi mweupe, meno meupe!

— Farasi alikuwa wa kijivu, Kwato akamkata. Walikuwa wanampaka unga. Mvua ikinyesha anageuka uji.

— Acha fiksi!

— Fiksi? Alipoletwa hapa nani alimpigilia viatu, wewe?

Orville akakohoa.

— Ule wimbo wake wa kando ya moto… aliwahi kuumaliza?

Wote wawili wakamgeukia. Redio imesema!

— Aumalize saa ngapi? Jaji akauliza. Kila picha ni yale yale. Kakaa na gitaa lake, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, anavuta pumzi aingie wa tatu, paa! Risasi. Majambazi hao. Gitaa kule, yeye juu ya farasi.

— Na gitaa halivunjiki, Kwato akasema.

— Sasa nikwambieni. Ubeti ule unataja bonde lenye dhahabu. Wakubwa wa sinema wakaona huyu atatutolea siri, wakamwekea majambazi.

— Dhahabu ya wapi, bwana wee! Sababu ni farasi. Akiusikia ubeti wa tatu anabubujikwa na machozi, unga unachuruzika, picha inaharibika.

— Farasi alie?

— Kwani wewe hukulia siku ya harusi yako?

— Nililia baadaye, Jaji akasema, kisha akashusha sauti. Haya, ukweli wenyewe huu hapa. Alimtukana gavana humo. Ndiyo maana televisheni ilipokuja, Clell hawakumtaka.

Hapo utani ukakatika wenyewe, kwa sababu hilo la televisheni liliwauma wote. Kazi ilipokauka, Clell alizunguka na kofia yake ile ile akiimba kwenye ufunguzi wa maduka, katikati ya magunia ya viazi, watoto wakimuuliza bastola iko wapi. Aliporudi Sorrel hakulalamika hata siku moja. Alikaa hapa mwisho wa benchi, akauliza kama kahawa imebaki. Orville akaitazama ile nafasi tupu.

Gari likasimama. Akashuka mama wa makamo, viatu vya mjini, macho yamevimba: Verna, binti wa Clell, ametoka California. Kofia zikavuliwa. Akasalimia, akakaa palepale pa baba yake bila kujua, na hakuna aliyemwambia kitu.

— Wazee wangu, nina swali dogo tu. Wimbo wa baba unaishaje?

Jaji akamgeukia.

— Wewe si ndiye mwanawe, mama? Hakukuimbia?

— Aliniimbia kila usiku aliokuwa nyumbani, Verna akasema. Ila mwisho sijawahi kuusikia. Nilikuwa nalala.

Orville akaweka kikombe chini. Miaka yote alidhani Hollywood ndiko walikomwongezea rafiki yake ubeti.

— Binti, ule wimbo ulianzia kwa ng'ombe, akasema. Mimi na baba yako tukiwa vijana tulikuwa tunawazunguka gizani tukiwaimbia, wasije wakashtuka wakatimka. Yeye huku, mimi kule. Tukimaliza wa pili wanakuwa wamelala.

— Na wa tatu?

— Haupo. Ng'ombe akishalala, unanyamaza. Ukiendelea utamwamsha.

Verna akajiziba mdomo kwa kiganja. Alicheka kwanza, machozi yakafuata, na Kwato akampa leso yenye harufu ya farasi. Jaji akatikisa birika. Tupu.

— Kwa hiyo kesho ni beti mbili tu, Redio?

— Mbili, Orville akasema, akivaa kofia. Polepole. Halafu sote tunaondoka kwa kunyata.