Kukikata Kisiwa

Hiace ya Muleba haijamaliza mlima wa Bukoba, Rahima, msimamizi wa seva ya Nshambya, ameshamweleza jirani yake wa kiti habari yote, nasi wa nyuma tukasikia. Mtandao wao wa kijamii hauna tajiri mmoja anayeumiliki: kila jamii ina seva yake, na seva hupelekeana habari. Asubuhi seva ya wavuvi kisiwani iliandika kwamba mdogo wake Rahima, Uledi, mnunuzi wa samaki hukohuko, ndiye anayewachongea wenye makokoro, nyavu zilizopigwa marufuku, kwa doria.

“Si ufute, dada?” akasema jirani, Boniface, msimamizi wa seva ya wakulima Ijumbi.

“Kwangu nimefuta. Kwao hakifutwi kitu mpaka wazee watatu wa mwalo, pale boti zinaposhushia samaki, wakubali. Wawili ndio wenye makokoro.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa kwa hasira. Kila chombo tulichoambiwa ni chetu, nimekuta wazee watatu wameshakikalia.

“Basi wakate, waitu!” akasema Boniface. “Seva nzima. Mimi niliwakata watukanaji, nalala vizuri.”

“Wako walikutukana tu, kaka. Nimemwandikia Uledi apande boti aondoke, naye husoma kupitia seva hiyohiyo. Nikiwakata, ujumbe haufiki.”

“Usipowakata, maneno yao yanapitia kwako kwenda kwa watu wote.”

“Najua!”

Tulipofika Muleba, dereva akazima injini. Rahima akatazama simu. “Wameuliza Uledi analala kambi gani. Mtu ameshawajibu.”

“Kata sasa!”

“Hajasoma bado.”

Tulishuka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwomba Rahima, aliyebaki kiti cha mlangoni na simu yake, atupishe.