Joka la Wendell na Ukuta wa Loretta

Basi lilikuwa limeshaiacha Seattle mzee Wendell alipoona anakaribia kupoteza joka lake, karata yake bora. Yeye na Loretta, muuguzi aliyeketi naye kiti kimoja, walikuwa wakicheza karata za vita, na anayeshindwa hutoa karata yake bora.

“Joka lako limeandikwa lazima lishambulie kila zamu likiweza,” alisema Loretta. “Karata yangu ya Ukuta inamtoza anayeishambulia mawe mawili ya malipo. Lipa, mzee, lije life ukutani!”

“Bila kulipa haliwezi, binti. Na kulipa si lazima.”

“Lakini mawe unayo!”

“Hata kanisani sahani ya sadaka hunipita nikiwa na pesa mfukoni.”

Abiria wa nyuma akamwaga kahawa kwa kicheko.

Walipofika Tacoma, mchezo ukiwa haujaisha, Loretta akashuka kwenda kazini. Wendell akafika Olympia na joka lake. Kila mmoja husimulia kwamba alishinda.