Mzee Bonyeza, Mchaguzi wa Glavu za Mabondia

Ndugu, jamaa, majirani na wanangumi mliofika,

Wasifu huu umeandikwa na familia ya marehemu, na anayeusoma mbele yenu ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao. Humu atatajwa kama anavyotajwa mtu mwingine yeyote, maana leo si siku yake. Ni siku ya kaka yake, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina jingine ila Mzee Bonyeza.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa manispaa, mvua ikinyesha na mkunga akiwa amechelewa. Baba yake alikuwa fundi bomba, mama yake dobi wa hospitali. Alikuwa kifungua mimba. Wakamfuata dada wawili, kisha mdogo wake huyu, mwaka 1961. Mama akienda kazini, marehemu ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, hata majirani wakawa wanatania kwamba mtoto yule ana mama wawili, mmoja wao anavaa kaptura.

Alianza darasa la kwanza Januari 1963. Hesabu alizimudu, imla ilimpiga chenga, na ugomvi aliujua bila kufundishwa. Alipokuwa darasa la tano alimtwanga mwenzake aliyemcheka baba yake kwa kunuka mitaro. Mwalimu wa michezo hakumchapa. Alimshika mkono, akamwambia, “Mikono ikikuwasha, kaikune mahali penye kanuni,” kisha akampeleka kwenye ukumbi wa jamii, ambako vijana walijifunza ngumi kila jioni. Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1969 na kusoma sekondari kwa miaka miwili. Mgongo wa baba ulipoharibika na kazi ikamshinda, alifunga madaftari bila kunung'unika, akaenda kutafuta riziki.

Februari 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha ngozi, kitengo cha uchambuzi. Kazi yake ilikuwa kupitisha kiganja juu ya ngozi na kusema ipi ni ya viatu, ipi ni ya mikoba, na ipi haifai kitu. Jioni alikuwa ukumbini. Hadi katikati ya mwaka 1978 alikuwa amepanda ulingoni mara kumi na nne na kushinda mara kumi na moja. Mdogo wake naye alikuwa ameanza mazoezi, si kwa kupenda ngumi sana, bali kwa kupenda kuwa alipo kaka yake.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijiuliza kama pasemwe. Tumeona pasemwe, kwa kuwa mwenyewe alipasema kila siku ya maisha yake.

Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1978, asubuhi, marehemu alikuwa akijiandaa kwa pambano la wiki iliyofuata. Glavu nzito za kupigania wawili wawili zilikuwa zimepelekwa kushonwa. Ukumbini zilibaki glavu za kupigia begi, nyepesi za wakia nane tu, zimechoka, sponji yake imelala kama godoro la gesti. Mdogo wake alizivaa, akagonganisha ngumi zake, akasema, “Kaka, hizi zimekwisha. Nasikia mifupa yangu mwenyewe.”

Marehemu akamjibu, “Raundi mbili tu, mdogo wangu. Sitakupiga kwa nguvu.”

Na kweli hakupiga kwa nguvu. Lakini glavu zile za zamani kidole gumba chake hakikushonewa kwenye mwili wa glavu. Kilikuwa huru. Katika raundi ya pili ngumi ya kushoto ilikwenda, kidole kikatangulia, kikaingia jicho la kulia la mdogo wake. Marehemu alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali siku nne bila kubadili nguo. Baada ya wiki tatu daktari alisema jicho halitarudi. Marehemu alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mdogo wake alikuwa na kumi na saba, na Januari iliyofuata alitarajiwa kuanza mafunzo ya udereva wa treni. Nafasi hiyo alipewa mwingine.

Marehemu hakupanda tena ulingoni. Mdogo wake naye hakumsemesha tena. Waliishi chini ya paa moja miaka miwili mingine, wakila sinia moja, na mdogo akitaka chumvi iliyo mbele ya kaka yake alimwambia dada ampitishie. Baadaye alikwenda kujifunza kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, kazi ambayo jicho moja linatosha ukilikaza, akahama nyumba.

Mwaka 1981 marehemu aliacha kazi ya kuchambua ngozi, akaingia karakana ya duka la vifaa vya michezo. Alikuwa na neno moja moyoni: kila glavu itakayopita mikononi mwake kidole gumba kitashonwa kwenye mwili wa glavu. Karakana haikuwa na mashine ya kazi hiyo, kwa hiyo alizipeleka kwa binti mmoja mshonaji wa sare za shule.

“Mashine yangu ni ya sketi, si ya viatu,” binti akamwambia.

“Jaribu tu, dada.”

Sindano ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya nne ilipokatika binti alivua miwani, akasema, “Kaka, wewe utanimaliza.” Marehemu, ambaye kwa kawaida maneno yalimtoka kwa kipimo, akajibu, “Basi nikuoe, tuvunje pamoja.” Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1983. Mdogo wake alihudhuria, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, akaondoka kabla ya chakula. Bwana harusi alimwona akitoka. Mkewe anasema ndiyo siku pekee aliyomwona mtu akilia huku anakata keki.

Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1986 alifungua kibanda chake, chumba chembamba kando ya duka la vitabu, kaunta moja na stuli mbili. Ukutani alining'iniza glavu aliyoipasua katikati, toka vifundo vya vidole hadi kwenye mkanda, ili mnunuzi aone tumbo lake: sponji ngapi, zimepangwaje, zimegundishwa au zimetupiwa tu. Hapo ndipo alipopata jina. Mteja akishika glavu, kabla hajauliza chochote, aliambiwa, “Bonyeza!” Abonyeze kwa kidole gumba pale panapokaa vifundo, kwa nguvu zote. Akigusa mkono wake mwenyewe ng'ambo ya pili, glavu hiyo airudishe.

Mlionunua kwake mnakumbuka. Hakumvisha mtu glavu kabla ya kumfunga bendeji mkononi, kwani kiatu hujaribiwa na soksi. Aliuliza, “Unapiga begi au unapiga mtu?” Wa begi alimpa wakia kumi au kumi na mbili. Wa kupigana na mwenzake mazoezini alimpa kumi na sita, hata awe mwembamba kama ufito, na akilalamika kwamba ni nzito aliambiwa, “Uzito huo si wako, ni wa uso wa mwenzako.” Alivuta mshono wa kidole gumba. Alikunja kifundo cha mkono cha mteja huku na huku aone kama mkanda unakishika. Alinusa ngozi. Na kijana aliyetaka zile nyekundu zinazong'aa kwa sababu ameona bingwa kavaa, aliambiwa, “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hizo zimetembea mpaka zimefika kwangu, na mimi nazirudisha zilikotoka.”

Februari 1987 mdogo wake aliingia kibandani. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemtuma kumnunulia glavu, na hakujua kibanda ni cha nani. Alisimama nyuma ya wateja wawili. Marehemu alikuwa ameinama, hakumwona. Mteja wa mbele alikuwa akibishana, anataka jozi moja nyepesi ya kufanyia kila kitu, begi na watu.

Marehemu akasema, kwa sauti ileile ya kutaja saizi, “Sikuuzii. Glavu kama hizo ndizo nilizomtolea mdogo wangu jicho. Alinionya, nikamwambia raundi mbili tu.”

Mteja akaiweka jozi ile chini. Yule wa pili akasogea, akachekea puani, akamnong'oneza mdogo mtu, “Mzee huyu kila mtu humwambia hivyo. Mimi nimeshaambiwa mara tatu.”

Mdogo mtu alibaki pale hadi zamu yake ikafika. Aliweka mikono miwili juu ya kaunta, akasema, “Nipime.”

Marehemu aliinua uso. Alichukua bendeji, akaanza kumfunga mkono wa kulia, akakosea, akafungua, akaanza upya.

“Umekaza mno, kaka,” mdogo wake akamwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka baada ya miaka minane na miezi mitano. Tangu siku ile walikula pamoja kila Jumapili. Habari ya jicho hawakuigusa tena. Mdogo mtu aliona imeshaeleweka.

Marehemu hakuridhika na wale waliomfuata kibandani tu. Mwaka 1994 aliingia katika klabu moja kubwa, akaomba kubonyeza glavu zote za pale. Zilikuwa jozi ishirini na mbili, na kumi na tatu zilikuwa zimekufa. Alitoa mkasi mfukoni azikate. Kocha akapiga kelele, “Mzee, hiyo ni mali ya klabu!” Marehemu akamwuliza, “Na macho ya hawa ni mali ya nani?” Walikaribia kushikana mashati. Kocha huyo yuko hapa leo, ni mmoja wa wabebaji wa jeneza, na ameomba tuseme kwamba mkasi ule ulikuwa na haki.

Mwaka 2001 binti yake wa pili, akiwa na miaka kumi na tano, alitangaza mezani kwamba anataka kuwa bondia. Mama yake aliweka kijiko chini, akisubiri radi. Marehemu alimaliza kula, akanawa. Kisha alitumia siku nne kumchagulia binti glavu. Alipasua jozi mbili nzima kuangalia ndani, hakuridhika, akaanza tena. Siku ya kwanza ya binti kupigana na mwenzake mazoezini, baba alifika mpaka mlangoni, akaishia hapo. Mdogo wa marehemu ndiye aliyeingia kwa niaba yake, akawa anatoka kila kengele ikilia.

“Raundi ya kwanza?”

“Mzima.”

“Macho?”

“Yote mawili, kaka. Ananitazama mimi badala ya mpinzani wake.”

Binti huyo leo ni kocha, na tangu aanze kufundisha hakuna mwanafunzi wake aliyeumia jicho.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019 kwa miguu kuvimba. Daktari alipima, akasema moyo umetanuka, umekuwa mkubwa kupita kawaida. Mkewe akamjibu, “Hilo tunalijua siku nyingi, daktari. Tueleze lingine.” Walicheka wote watatu, kisha daktari akaeleza, na hakuna aliyecheka tena. Mwaka 2022 uvimbe ulifika mikononi na ganzi ikaingia vidoleni. Akawa anabonyeza glavu, hasikii kitu. Alirudia, akabadili mkono, hasikii. Aliiweka kwenye kaunta, akamwita binti yake, akamkabidhi funguo za kibanda. Bado alikwenda kila asubuhi kukaa kwenye stuli, na mteja akiingia alimwomba, “Hebu bonyeza wewe, uniambie.”

Alilazwa Jumatatu, tarehe 27 Mei 2024. Wauguzi wa wodi ile wanastahili shukrani zetu zote. Jumapili, tarehe 2 Juni, saa kumi na moja jioni, mdogo wake alikuwa kando ya kitanda, muda wa kutazama wagonjwa ukielekea kwisha. Marehemu alifumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu upande ule wa kulia. Akauliza, “Ulishanisamehe?”

Mdogo wake alishtuka. Miaka thelathini na saba ya Jumapili, na hajawahi kulitamka neno hilo. Kengele ikalia, muuguzi akasimama mlangoni. Mdogo mtu akasema, “Kaka, mambo ya zamani hayo. Pumzika, kesho tutazungumza.” Marehemu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Kesho yake, Jumatatu, tarehe 3 Juni, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Mdogo wake alifika saa moja, na jibu lake mdomoni.

Marehemu ameacha mjane, waliyeishi pamoja miaka arobaini, watoto watatu, mmoja muuguzi, mmoja kocha wa ngumi na mmoja mwalimu, wajukuu watano, dada wawili, na mdogo mmoja. Ameacha pia watu wengi ambao hatuwezi kuwahesabu, wanaoamka kila siku wakaona kwa macho mawili, bila kujua kwamba kuna mtu aliwahi kuwaza juu ya macho hayo.

Familia imemruhusu msomaji aongeze maneno machache yasiyoandikwa kwenye ratiba. Ni jibu la swali aliloulizwa Jumapili.

Ndiyo, kaka. Nilikusamehe zamani sana, nikazembea kukwambia. Pumzika.