Picha Iliyokataa Kutazama Ukuta

Kijiwe chetu ni benchi moja kwenye chumba cha chini cha kanisa tunalokodi huku ughaibuni, Brooklyn Center, kando ya birika la kahawa la mama Rahab. Ukutani kuna picha tuliyoikuta: akina mama wa mji huu, zaidi ya miaka mia iliyopita, wamevaa mikanda mabegani, wanadai kura. Jumapili ijayo tunaamua kama kanisa lihamie Oakdale, na kwetu kila nyumba hupiga kura moja, kupitia baba. Jana jioni Kamau, tunayemwita Katiba, alisema picha inawachochea wake zetu, akaigeuza itazame ukuta, akafunga mlango. Leo tumeikuta inatutazama.

— Ni heater hiyo ya kupasha joto, akasema Ken, "Daktari" wetu, anayehudumia wazee nursing home. Ikiwaka, ukuta una-shake.

— Una-shake mpaka picha igeuke? Wacha zako! akafoka Katiba.

— Labda wanawake wana ufunguo, nikasema.

— Ufunguo ni mmoja, na mimi hulala nao.

Sosthène, "Monsieur", Mkongomani wetu, akashusha kikombe.

— Wale mama hawajamaliza kazi. Ni wa wakati wa Nellie Francis, ule mama mweusi wa Saint Paul aliyepigania kura. Mutu wa kazi kama ile, hata akikufa, analala kweli?

— Monsieur, usituogopeshe bana, nikamwambia.

— Angalia ule wa mbele. Zamani alikuwa anaangalia mlango. Sasa anaangalia nani?

Tukainua macho. Alikuwa anamtazama mama Rahab.

— Ni heater tu, Daktari akarudia.

— Heater imeharibika tangu jana, akasema mama Rahab, akiendelea kumimina.

Hapo Maombi, dada mgeni aliyehamia juzi kutoka Richfield na aliyekuja kuchukua kahawa, akauliza taratibu:

— Mama Rahab, mzee wako yuko wapi?

— Tulimzika kabla ya theluji.

— Na Oakdale utafika na nini?

— Sina gari, mwanangu. Bus ya kwetu haifiki huko. Wakihama, mimi nimebaki bila kanisa.

Maombi akatugeukia.

— Sasa ninyi baba, nyumba yake nani ataipigia kura?

Kwenye ukuta, msumari ukalia. Hakuna aliyethubutu kutazama juu.

— Kahawa imeisha, akasema mama Rahab.

Katiba akatoa ufunguo mfukoni, akautupa mezani kama unaomchoma. Sote tukaukodolea macho. Mama Rahab akafuta mikono, akauchukua.

— Jumapili nyumba yangu nitaipigia mimi, akasema.