Fulana Namba Mbili

Benchi lenyewe ni mlango wa choo uliong'olewa mahali, ukalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu, na watu wazima na akili zao wanalikalia kila alasiri kana kwamba wameajiriwa. Fundi wanamwita Gundi, kwa sababu ya kazi yake. Kulia kwake hukaa Daktari, ambaye anauza sumu ya panya, na kushoto Wakili, aliyefagia mahakamani hadi akatoka na maneno makubwa. Muuza kahawa huegesha birika lake hapo hapo, maana umbea haukosi wateja. Siku hiyo alikuwepo pia mwanamke mmoja mgeni, kakaa ncha ya benchi, mguu mmoja peku, akisubiri kiatu chake kishonwe.

Kesi ya siku ilikuwa pua ya Gundi. Watu wa chuo kikuu walikuja mtaani kuchunguza eti binadamu anamtambuaje ndugu yake. Mdogo wake Gundi, mpaka rangi anayekaa mtaa wa nyuma, alipewa fulana nyeupe alale nayo siku mbili bila kuoga wala kujipaka chochote. Kisha Gundi akaitwa ukumbini, akafungwa kitambaa machoni, akanusishwa fulana nne aseme ipi ni ya mdogo wake. Akasema ya nne. Ya nne ilikuwa ya dereva wa hao hao watu wa chuo.

DAKTARI: Ni hii gundi. Inakula pua. Huyu humo ndani hana kitu, ni ukuta mtupu.

WAKILI: Mbona kahawa ikiungua yeye ndiye wa kwanza kulalamika?

MUUZA KAHAWA: Kahawa yangu haijawahi kuungua.

DAKTARI: Basi ni damu. Damu ya ndugu ina mvuke wake. Hata panya anamtambua binamu yake gizani. Mimi panya nawajua, nimeishi nao.

WAKILI: Unawaua.

DAKTARI: Siwezi kumuua nisiyemjua.

WAKILI: Sikilizeni. Fulana ni shahidi asiyehongwa. Kama pua ya kaka imeikataa, basi hao kisheria si ndugu. Sasa tujadili nani alibadilishwa hospitali.

MUUZA KAHAWA: Atakuwa mdogo mtu. Yule mrefu, huyu kipande.

DAKTARI: Au ni huyu. Mtazameni masikio.

Gundi alikuwa kainama, sindano mkononi, na moyo unamchoma kuliko sindano. Ukweli alikuwa nao. Fulana ya pili ilikuwa haijafika hata puani, akaijua. Ilikuwa harufu ya lile blanketi moja walilojifunika wawili utotoni, mama yao akiwagombeza wasivutane. Nusura aseme. Halafu akakumbuka jinsi mdogo wake alivyomzika huyo mama bila kumsubiri yeye kaka mtu, aliyekuwa njiani, basi limeharibika. Roho ikamgeuka, akasema ya nne. Tangu mazishi yale hawasemeshani. Wakipishana barabarani, kila mmoja anajifanya anasoma matangazo ya ukutani.

GUNDI: Mama yangu msimwingize humo.

WAKILI: Ameingizwa na pua yako, si sisi. Ikifika jioni mtaa mzima utakuwa na habari.

GUNDI: Mimi na yule tumetoka tumbo moja.

WAKILI: Ushahidi?

Gundi akauvuta uzi kwa nguvu. Kuutoa ushahidi ni kukiri kwamba aliwadanganya wasomi wa watu, na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kukiri kwamba bado anampenda mshenzi yule.

WAKILI: Mimi ningeshauri watu wanusane kabla ya kugawana urithi. Asiyenuka kindugu, atoke nje.

DAKTARI: Mimi mke wangu namtambua hata akiwa chumba cha pili.

MUUZA KAHAWA: Mke si ndugu.

DAKTARI: Ndiyo maana namnusa mapema, nijiandae.

Wakacheka, wote isipokuwa Gundi. Yule mwanamke akajisogeza kidogo.

MGENI: Samahani kaka zangu, mimi napita tu. Huyo mdogo mtu, alijua nani atainusa fulana yake?

GUNDI: Alijua. Walimwambia kabisa.

MGENI: Na hamsemeshani?

Gundi akamtazama. Hilo hakuna aliyelitaja pale.

GUNDI: Hatusemeshani.

MGENI: Sasa mtu mliyenuniana naye, kwa nini akubali kukaa na jasho lake siku mbili ili wewe umtambue?

Daktari akachungulia ndani ya kikombe chake. Wakili akakohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kesi iahirishwe. Muuza kahawa akalitikisa birika, lilikuwa tupu.

DAKTARI: Walikuwa wanatoa sabuni. Kila mtu mche mmoja.

Hata mwenyewe hakulisema kwa nguvu.

GUNDI: Ni namba mbili.

WAKILI: Namba mbili nini?

Gundi alimwekea mwanamke kiatu mapajani, sindano ikiwa bado inaning'inia kwenye uzi, akaondoka na aproni yake kiunoni kuelekea mtaa wa nyuma. Alitembea upesi, kama anayeogopa kubadili nia.

DAKTARI: Mnaona sasa? Gundi imempanda kichwani. Hata njia ya kwao imempotea. Kwake si huku?

WAKILI: Muiteni arudi, hajamaliza kiatu cha watu.

Mwanamke akakikumbatia kiatu chake.

MGENI: Mwacheni aende. Nitasubiri.