Maman Marie-Louise Aliyekataa Kuinuliwa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Zagabe tunawasomea maisha ya mama yetu Marie-Louise, aliyekuwa mkaidi, na ambaye angetukasirikia kama tungelificha jambo hilo.

Alizaliwa kisiwani Idjwi tarehe 14 Machi 1947, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akavuka ziwa kuja Bukavu kujifunza ushonaji, kazi aliyoifanya mtaani Nguba hadi mwaka 2019. Tarehe 6 Julai 1968 alifunga ndoa na marehemu Papa Barthélemy Zagabe, Mungu akawajalia watoto wanne, kitinda mimba akiwa Pascal, mume wa Francine, na kwao ndiko mama alikoishi uzeeni.

Tarehe 2 Mei 2019 alipatwa na kiharusi, upande wa kuume ukalegea, na mtaalamu wa viungo, Papa Djafari, akamfundisha mazoezi ya nyumbani, kunyanyua chupa zilizojaa mchanga, kushika nondo za dirisha na kusimama kwa ncha za vidole, na hasa kuinuka kitini bila kuvutwa, kwa kuwa alitaka kwenda chooni mwenyewe mpaka mwisho wa maisha yake, na alilisema hilo bila aibu.

Tatizo lilikuwa heshima yetu. Kwetu mkaza mwana hamtazami tu mama mkwe akihangaika, hivyo majirani walipomwona Francine kupitia dirishani amekunja mikono huku mama akitetemeka kuinuka, wakasema anamtesa, maneno yakafika kwenye shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, na Francine, aliyekuwa akilia jikoni kila baada ya zoezi, akaitwa ajieleze. Mama akaenda naye, akaketi mbele ya wote, akaanza kuinuka, na watu walipokimbilia kumshika akawaambia, "Muniache! Niko nasimama." Alichukua muda mrefu, jasho likamtiririka, lakini alisimama, na tangu siku hiyo Francine hakusemwa tena.

Mwishoni mwa Septemba 2024 aliugua homa ya mapafu, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 8 Oktoba alijaribu kuinuka, akashindwa, akamnyooshea Francine mkono kwa mara ya kwanza, Francine akamwinua, naye akafariki mikononi mwake.

Tunawashukuru madaktari, Papa Djafari, washonaji wenzake, na majirani wote, hata wale waliosema sana, maana leo wamekuja kulia nasi.

Maman, pumzika sasa kwa amani, na leo tu, turuhusu tukubebe.